Sura ya Saba: Waliobaki Wahesabiwe

Wiki ya pili ya Desemba ikiingia, kiti kwenye basi la kwenda Kilimanjaro huwa mali. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hujaa mabegi, magunia ya mchele na watoto waliovalishwa masweta mapema, kwa kuwa mama zao wanaikumbuka baridi ya mlimani. Watani hawaiachi nafasi hiyo ipite. "Mangi, ndiyo unakwenda kuhesabiwa?" Na mangi (ndivyo Wachaga walivyomwita chifu), hata kama ni karani wa kawaida asiye na duka wala himaya, hucheka na kujibu kwamba asipoonekana Krismasi hii wataanza kugawana kihamba chake, yaani shamba lake la urithi.

Utani huo una ukweli ndani yake. Mchaga anakwenda nyumbani aonekane. Mbuzi achinjwe, pombe ya mbege inywewe, watoto waliozaliwa mjini waonyeshwe makaburi ya babu zao, na ukoo ujue nani yu hai, nani kaoa, nani kajenga. Ni sensa isiyo na karani.

Sanya Juu nayo huipokea sensa hiyo. Ukitoka Moshi kwa barabara ya Arusha, ukifika Bomang'ombe unakunja kulia na kuanza kupanda. Mlima, ambao watu wa Moshi mjini huuona kaskazini, hapa umekwisha hamia mashariki. Bega la Shira linatangulia kukutazama, Kibo ikiwa nyuma yake. Upande wa pili, ng'ambo ya uwanda, umesimama Meru. Hapa ndipo makao ya Wilaya ya Siha, iliyomegwa kutoka Hai, ambamo sensa rasmi ya 2012 iliwakuta watu 116,313.

Ni mji wa njia panda. Wachaga wa Siha huteremka na ndizi na maharage, Wamaasai hupanda kutoka uwandani na mbuzi, na kazi za mashamba makubwa ya Ngarenairobi (jina ambalo kwa Kimaasai ni maji baridi) zimewaleta watu wa makabila mengine wengi. Ardhi hii iliwahi kutajwa hadi New York. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kutoka Ngarenanyuki ili kuwapa walowezi wa Kizungu nafasi katika mpango wa ukanda wa Sanya, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Na leo ukikaa sokoni Sanya Juu na kufumba macho, utasikia Kichaga, Kimaasai na Kiswahili vikipishana kwenye bei ya debe moja la mahindi.

Kisha inafika Januari. Waliokuja kuhesabiwa wanafunga mabegi, safari hii yamejaa ndizi na parachichi, na mabasi yanashuka. Nyuma wanabaki waliofanya Desemba iwe Desemba: kijana aliyepuliza tarumbeta kwenye harusi tatu kwa wiki moja, mama aliyepika mbege, mwalimu wa kwaya aliyefundisha sauti nne katika jengo lenye taa moja, bibi wa Kimaasai aliyetunga shanga za bibi harusi, mshereheshaji aliyejua wajomba waitwe kabla ya mashangazi au baada yao. Hawa hawakwenda popote, na kwa kuwa hawakwenda popote, hakuna anayewahesabu. Sura hii inauliza nani awahesabu, na jibu langu ni kwamba mji wenyewe unaweza, kwa tuzo zake wenyewe, ukijifunza kwa waliotangulia kujaribu.

Vipimo vilikuwepo

Tusianze kwa kudhani kwamba tuzo ni kitu cha ukumbini, cha zulia jekundu na bahasha. Mlima huu ulikuwa na vipimo vyake.

Chukua nyama. Mbuzi akichinjwa kwenye ukoo wa Kichaga, vipande havigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kwa umri, kwa undugu, kwa nafasi yake siku ile. Anayeshika kisu anasoma orodha ambayo haijaandikwa, na anayepewa kipande kisicho chake huondoka na donge. Heshima hapo huonekana kwa macho na huliwa mbele za watu.

Chukua mregho. Hii ilikuwa fimbo iliyochanjwa alama, na mwalimu wa vijana aliishika akiwaimbia somo la kila alama, kutoka chini hadi juu. Wamisionari na wana wao, kama Bruno Gutmann na baadaye Otto Raum katika kitabu chake cha 1940 kuhusu utoto wa Kichaga, waliiandika kwa mshangao. Fikiria kazi yake: ilidai mtu mwenye kumbukumbu ya mwanasheria, sauti ya mwimbaji na subira ya mzazi.

Au nenda kwa majirani wa uwandani. Katika kundi la Wamaasai wanaoimba, anayeuongoza wimbo huitwa olaranyani. Wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni huku vijana wakiruka. Olaranyani hana cheti. Cheo chake ni kuitikiwa, na siku wasipomwitikia kimekwisha.

Hata mbege ina baraza lake la waamuzi. Ndizi zimechemshwa zikageuka rangi, zikaachwa, zikachujwa. Ulezi umeoteshwa ukawa kimea, ukasagwa, ukapikwa. Ganda la msesewe limetiwa kwa kiasi ili uchungu uukate utamu. Meku, yaani mzee, akipokea kata hasemi kitu mara moja. Anaonja, ananyamaza, anaonja tena. Akiuliza, "Hii imepikwa na nani?" mpishi amekwisha pata tuzo, na kijiji kizima kitajua kabla ya jua kuzama.

Vipimo hivyo vinafanana kwa jambo moja: waamuzi ni watu wanaoijua kazi, na hukumu hutolewa hadharani, mbele ya wanaomjua mshindi. Jambo hilo ndilo lililopotea pale sherehe zetu zilipokua.

Sikukuu ya mtu mmoja, tuzo za chupa moja

Mlima uliwahi kuwa na sikukuu yake kubwa. Januari 1952 Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote, jambo ambalo halikuwahi kuwapo, kwani kila nchi mlimani, Siha ikiwamo, ilikuwa na mangi wake. Marealle alikuwa msomi na alielewa kwamba watu hawaunganishwi na ofisi peke yake. Kukawa na bendera ya Wachaga, wimbo wa Wachaga, gazeti lililoitwa Komkya, na kila Novemba Siku ya Wachaga, watu wakikusanyika kuadhimisha kwamba wao ni wamoja.

Ilikuwa fikra nzuri, na bado inasimuliwa. Lakini sikukuu ile ilining'inia kwenye msumari mmoja. Mwaka 1960 Wachaga walipigia kura mfumo mpya wa kiongozi wa kuchaguliwa, Marealle akaondoka, na Solomon Eliufoo akashika uongozi wa baraza. Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa nchi nzima. Sherehe ya juu ilianguka pamoja na kiti cha juu, kwa kuwa mizizi yake haikuwa imefika kwa mpiga ngoma wa Sanya wala kwa mpika mbege wa Marangu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, na unabeba jina la mlima. Tuzo za Muziki Tanzania zilianza mwaka 1999. Kwa miaka mingi Watanzania walizijua kama Kili Music Awards, kwa jina la bia iliyozidhamini. Zilifanya mema: ziliwafanya wasanii waone kwamba kazi yao ina thamani, na zilikuwa hata na kundi la wimbo bora wenye asili ya Kitanzania. Hata hivyo jina la mlima lilipandishwa jukwaani Dar es Salaam, umbali wa kutwa nzima kwa basi kutoka kwenye mlima wenyewe, na kundi moja hilo likatakiwa kubeba ngoma za makabila zaidi ya 120. Baada ya 2015 tuzo zikasimama. Zilirudi 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1984. Katikati hapo ilipita miaka ambayo wasanii walitunga, waliimba, na wengine walifariki, bila mtu kuitaja kazi yao jukwaani.

Simlaumu mdhamini. Mwenye chupa huuza chupa. Funzo lake ni lilelile la Mangi Mkuu: sherehe ikining'inia kwenye msumari wa mtu mmoja, siku akiung'oa inaanguka.

Waamuzi wenye miguu

Tuvuke hadi Usukuma tuone sherehe iliyodumu.

Yasemekana katika karne ya 19 waliishi waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo kali. Hawakuamua kwa mikuki. Kila mmoja alikuwa na wafuasi wake wa ngoma, na kukawa na vyama viwili vinavyoishi hadi leo, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, wakati ghala zina kitu na miguu ina nafasi, vyama hivi hukutana na kucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, upande huu na ule. Watazamaji wako huru. Anayekuchosha unamwacha, unavuka uwanja kwenda kwa mwenzake. Mwisho wa siku aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi.

Angalia jinsi mfumo huu ulivyo mwepesi na ulivyo mkali. Hakuna jopo la kuhongwa, hakuna bahasha ya kubadilishwa usiku. Kura ni miguu, na kila mtu anaiona inavyohama. Kwa hofu ya kubaki peke yao, wachezaji wamelazimika kubuni kila msimu: wapo waliocheza na majembe, wakiyarusha na kuyadaka kwa mdundo, na wapo walioingia uwanjani na chatu. Ushindani umekuwa mama wa ubunifu. Pale Bujora, nje ya Mwanza, ambako Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo yameungana na sikukuu ya Kanisa mwezi Juni, inayoitwa Bulabo. Ukoloni umepita, machifu wamefutwa, wadhamini wamekuja na kuondoka. Ngoma ipo, kwa sababu imening'inia kwenye misumari elfu.

Ila miguu ina kasoro yake. Hufuata vumbi. Chatu atamshinda daima bibi anayetunga shanga kimyakimya, na mwenye spika kubwa atamshinda mpiga zeze. Kwa kazi za kimya unahitaji waamuzi wa aina nyingine, na hao nimewakuta mbali.

Kiti kilichofunikwa kitambaa cheusi

Wales ni nchi ndogo ya milima na kondoo upande wa magharibi wa Uingereza, yenye lugha yake iliyokaribia kumezwa na Kiingereza. Watu wake wana mashindano ya mashairi na uimbaji yaitwayo eisteddfod, ambayo historia yake huanzia Krismasi ya mwaka 1176 katika ngome ya Cardigan. Yapo ya taifa, na yapo ya vijijini, yanayofanyika makanisani na shuleni, watu wakishindana kwa kwaya na kwa beti. Zawadi kuu ya mshairi ni kiti. Fundi seremala hukitengeneza, mshindi hukichukua nyumbani.

Yako mambo mawili ya kuazima kwao. La kwanza, mshairi hupeleka kazi yake kwa lakabu, na waamuzi hawajui ni ya nani hadi jina la bandia liitwe ukumbini na mwenyewe asimame. Waswahili hatuhitaji kuelezwa maana ya lakabu. Malenga wetu wamezitumia tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923. Katika mji ambamo mwamuzi ni shemeji wa mshindani na mshindani anamdai mwamuzi kilo mbili za sukari, lakabu ni kinga.

La pili ni tukio la Septemba 1917, mashindano ya taifa yalipofanyika Birkenhead. Lakabu ya mshindi iliitwa, na hakuna aliyesimama. Ikaitwa tena. Mshindi alikuwa mchunga kondoo kutoka kijiji cha Trawsfynydd, Ellis Humphrey Evans, aliyejulikana kwa jina la ushairi Hedd Wyn. Aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki chache kabla ya kutangazwa. Wakakifunika kiti chake kwa kitambaa cheusi na kukipeleka hivyo nyumbani kwa wazazi wake. Zaidi ya miaka mia moja imepita na watu bado wanakwenda kukitazama pale shambani. Watawala wa siku zile wamesahaulika, ila mchunga kondoo anahesabiwa.

Sanya Juu ikiamua

Basi tuseme mji umeamua. Tuseme ni Desemba, uwanja wa wazi karibu na soko, afisa utamaduni wa wilaya amekwisha toa baraka na kibali.

Jambo la kwanza liwe kuita jina ambalo halitaitikiwa. Ngalami, Mangi wa Siha, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine. Ulikuwa wakati ambao watu wetu walihesabiwa kwa namna nyingine: mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki yalikusanywa Berlin na kuwekwa kwenye makabati. Septemba 2023 watafiti wa huko walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya ndugu walio hai Tanzania. Moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Ilichukua zaidi ya karne namba kurudi kuwa jina. Mji unaotaka kuwahesabu watu wake uanze kwa kumwita Ngalami, unyamaze kidogo, ndipo ngoma ilie.

Kisha makundi ya tuzo yafuate kazi zilizopo, kwa majina wanayoyatumia wenyewe. Wapiga matarumbeta, ambao shaba yao ina nasaba na bendi za kanisa zilizofika na wamisionari wa Kilutheri waliotua mlimani 1893. Kwaya, kwa kanuni wanazozijua tayari: wimbo mmoja wa lazima ili wapimwe kwa mizani moja, na mmoja wa kujichagulia ili kila kundi lioneshe lilicho nacho. Ngoma za shule. Olaranyani. Watunga shanga. Wachora mabango ya ukutani. Washereheshaji. Wapika mbege. Na mtunza mfongo pia awemo, maana kuyaongoza maji kwa mtaro kutoka korongoni hadi kwenye migomba, bila pampu wala kipimo cha kizungu, ni sanaa iliyoulisha mlima kwa karne nyingi.

Ngoma na matarumbeta viamuliwe kwa miguu, kama Usukuma. Makundi mawili yapige kwa pamoja pande mbili za uwanja, na umati uvuke unapotaka. Kazi za kimya ziamuliwe kwa lakabu, kama Wales: vibuyu vya mbege viwekewe alama badala ya majina, mbele ya meku watatu ambao mwaka huo wake zao hawakupika; shanga zipangwe juu ya meza zikiamuliwa na mama wa Kimaasai, na maelezo yatolewe kwa Kimaasai kwanza, Kiswahili baadaye.

Zawadi iwe kigoda. Kichongwe na fundi wa hapahapa, jina na mwaka vichomwe kwa chuma cha moto ubavuni mwake. Mwenye kigoda awe na haki ya kukaa nacho mstari wa mbele kwenye harusi yoyote ya mji huo mwaka mzima. Kombe la bati lenye rangi ya dhahabu huota kutu kabatini. Kigoda hukaliwa, na anayekikalia huulizwa alikipataje. Pamoja na kigoda liwepo daftari gumu, nakala mbili, moja ofisi ya kata na moja shuleni, likiandikwa majina ya washindi na ya walioshindwa pia, na kazi waliyoleta. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa historia ya sanaa ya Siha ambayo hakuna chuo kikuu kingeweza kuiandika.

Fedha? Waliokuja kwa mabasi wapo, na Desemba mifuko yao bado ina uzito. Wachange, kila ukoo kwa uwezo wake, na majina yao yasomwe kwa shukrani. Lakini tuzo isibebe jina la mchangiaji yeyote, awe mtu au kampuni, na aliyehamia mjini asishindanie kigoda. Mwenye kuleta mbuzi hula nyama kama wengine. Kisu hushikwa na wa nyumbani.

Najua pingamizi. Watu watasema mashindano huzaa chuki, kwamba mji mdogo hauwezi kumpa mmoja kigoda bila kununiwa na tisa. Kununiwa kupo hata sasa, ila kunatokana na mambo madogo zaidi. Afadhali wapika mbege wawili wanuniane kuhusu kiasi cha msesewe kuliko kuhusu mpaka wa shamba. Na wanaonuniana kwa ajili ya kazi, mwakani huleta kazi bora.

Tarehe 3 Januari stendi ya Sanya Juu hujaa tena. Madebe ya ndizi yanafungwa juu ya basi, watoto wanalia, shikamoo za mwisho zinapokelewa dirishani. Pembeni, nje ya kibanda chake, mama mmoja ameketi kwenye kigoda kipya akianika ulezi wake uliochipua, maana Februari kuna posa mbili na mahari moja. Kijana wa mjini anainama kumuaga, anaona maandishi yaliyochomwa yakichungulia chini ya kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anauliza swali ambalo kwa kawaida huulizwa yeye: "Mama, kumbe nawe ulihesabiwa?"